Risiti si matusi: pesa ya majuu na harusi ya nyumbani

Ukikaa Kisumu huhitaji kalenda kujua kwamba msimu wa harusi umefika. Shule zikifungwa mwezi wa nne, wa nane na wa kumi na mbili, mahema yanaanza kuonekana kwenye maboma kuanzia Nyamasaria hadi Kombewa, wauza kuku pale Kibuye hawapunguzi bei tena, na nje ya uwanja wa ndege utakuta familia nzima imesimama ikingoja watu wawili na masanduku manne. Mtoto wa nyumbani amefika na mkewe. Wametoka majuu, wamekuja kwa harusi.

Lakini kuna harusi nyingine ambayo haipigwi picha. Hiyo huanza miezi mitatu kabla, kwenye simu, pale kikundi cha WhatsApp kinapofunguliwa na mtu anauliza, "Watu wa majuu wanatuahidi ngapi?" Mara nyingi hiyo ndiyo inayoacha majeraha. Mahema yamerudishwa, sufuria zimeoshwa, wageni wamepanda ndege, na ndugu wawili waliolelewa kwenye nyumba moja hawaongei tena kwa sababu ya laki moja ambayo hakuna anayejua ilienda wapi.

Kazi yetu sisi ni malipo ya simu, kwa hiyo tutasema maoni yetu waziwazi. Pesa ya harusi ikitoka mbali, kila kiasi kikubwa kiwe na risiti, na kiende moja kwa moja kwa mwenye kazi. Sababu yetu huenda si ile unayoifikiria. Watu wengi huamini kwamba risiti inamlinda aliye ng'ambo asiibiwe. Sisi tunaona inamlinda zaidi yule aliyebaki nyumbani.

"Nyumbani" pamesogea mbali

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, tangazo lake lilikuwa na ujumbe mmoja tu: tuma pesa nyumbani. Sisi tuliosomea masoko tulifundishwa tangazo hilo darasani kama mfano wa kusema jambo moja likaeleweka na kila mtu. Wakati huo picha iliyokuwa kichwani mwa watu ilikuwa ya kijana aliye Nairobi akimtumia mama yake aliye Seme au Asembo. Kabla ya hapo pesa ilipewa dereva wa basi ndani ya bahasha, na mtu akaomba Mungu.

Leo anayetuma anaweza kuwa Minneapolis, Leicester au Doha. Kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4 mwaka 2023, na mwaka 2024 zikakaribia bilioni 5. Zaidi ya nusu ya pesa hizo hutoka Marekani. Sehemu kubwa ni karo, hospitali, chakula na ujenzi. Lakini usisahau harusi na matanga, kwa sababu hapo ndipo familia nzima huangalia nani alitoa nini.

Tofauti na ile bahasha ya dereva ni kwamba sasa kila pesa inaacha alama. Ina saa, jina na nambari ya muamala. Cha kushangaza ni kwamba tuna alama zote hizi na bado tunagombana kana kwamba pesa ilibebwa na upepo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari tunalo mfukoni. Hatulifungui tu.

Laki moja iliyopotea bila mwizi

Tuchukue mfano. Watu hawa ni wa kutunga, ila bei ya dola ni ya kweli.

Mume na mke wanaishi Minneapolis. Ndugu yake mdogo mume anaoa. Dada yao, mwalimu wa shule ya msingi mjini Kisumu, amechaguliwa mweka hazina wa kamati. Ni Januari 2024. Kwenye simu ya familia mume anasema, "Sisi tutatoa dola elfu nne." Siku hizo dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Mtu mmoja kwenye kikundi anapiga hesabu haraka na kuandika: 640,000. Watu wanapiga makofi kwa vibonzo. Bajeti inaandikwa juu ya hiyo 640,000.

Katikati ya Februari mambo yanageuka. Serikali inapata mkopo mpya wa dola kwa ajili ya kununua sehemu ya deni la Eurobond lililokuwa linaiva Juni, wasiwasi sokoni unapungua, na shilingi inapata nguvu kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Kufikia mwisho wa Machi dola ni karibu shilingi 132. Sasa wale wawili wanatuma dola zao elfu nne, kamili, kama walivyoahidi. Zinazofika Kisumu ni 528,000.

Pengo ni shilingi 112,000. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyedanganya. Mume ametoa alichosema, na dada amepokea kilichofika. Lakini kwenye kikundi imeandikwa 640,000, na watu hawasomi bei ya dola, wanasoma kikundi. Miezi miwili baadaye, kwenye matanga ya mtu mwingine kabisa, mjomba atauliza kwa sauti ya chini, "Kwani ile pesa ya mtoto wetu iliisha yote?" Na dada, ambaye alilala saa saba usiku wiki tatu mfululizo, atakuwa mwizi bila kujua kesi yake ilisikilizwa lini.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: ahadi itolewe kwa dola au kwa shilingi, na kila mtu ajue ni ipi. Mkisema "dola elfu nne", basi familia iliyo nyumbani ndiyo inayobeba hatari ya bei kubadilika. Mkisema "laki sita na arubaini", basi hatari hiyo inabebwa na aliye ng'ambo, naye huenda akalazimika kuongeza zamu nyingine kazini. Hakuna jibu moja lililo sahihi kwa kila familia. Kosa ni kuacha swali hili bila jibu halafu kumwachia mweka hazina aibu.

Unapolinganisha njia za kutuma, usiangalie ada peke yake. Kampuni inaweza kukuambia kutuma ni bure huku ikinunua dola yako kwa bei ya chini. Swali la kuuliza ni moja: nikitoa dola mia, zitafika shilingi ngapi kwenye simu ya Kisumu?

Pesa ikija vipande vipande

Kuna jambo lingine kwenye mfano huo. Kwenye M-Pesa, tangu 2023, akaunti ya mtu binafsi inabeba hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Ile 528,000 haiwezi kukaa kwenye simu ya dada kwa mpigo. Kwa hiyo watu hufanya nini? Nusu inatumwa kwa dada. Nyingine inapitia kwa binamu aliye Kondele. Kiasi kidogo kinaenda kwa rafiki wa bwana harusi kwa sababu "yuko karibu na mtu wa mahema". Kila kipande kimefika siku tofauti kwa bei tofauti ya dola.

Wote hao wanaweza kuwa waaminifu kabisa na bado hesabu isifunge. Binamu amelipia mafuta ya gari akasahau kusema. Rafiki amelipa mahema, lakini ametoa na pesa ya kusafirisha viti ambayo haikuwa kwenye bajeti. Dada anaulizwa jumla, naye anajua theluthi moja tu.

Risiti inamlinda nani?

Fikiria tena nafasi ya huyu aliyebaki. Aliye Minneapolis akituma pesa, benki yake ina kumbukumbu, programu yake ina kumbukumbu, na ndugu zake wote wameona picha ya skrini. Ushahidi wake umejaa. Anayepokea ndiye asiye na ushahidi. Alilipa mpishi pesa taslimu, akampa mtu wa muziki taslimu, akamtuma kijana wa boda kununua mkaa, akalipa wabeba viti. Zote ni za kweli. Hakuna hata moja yenye karatasi.

Ndiyo sababu hatukubaliani na watu wanaosema kuomba risiti ni dharau. "Kwani hamniamini?" Tunaelewa lile neno linavyouma, hasa likitoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Lakini imani ni kitu cha leo. Swali litaulizwa mwaka kesho, na mtu ambaye hakuwepo. Shangazi aliyesikia nusu ya habari hatakuwa na imani yako, atakuwa na maneno tu. Siku hiyo kitakachomsaidia dada si sifa zake nzuri. Ni ujumbe wa simu unaoonyesha jina la mpishi, kiasi na tarehe.

Kwa hiyo tungependa neno hili litoke kwanza kwa yule anayepokea. Asingoje kuombwa. Aseme mwenyewe mwanzoni: "Mimi nitashika kazi hii, lakini pesa kubwa zote zipite mahali ambapo kila mtu anaona." Akisema hivyo ameshajilinda, na hakuna aliyemtukana.

Mlipe mwenye kazi

Njia rahisi ya kufanya hivyo ni kupunguza mikono. Pesa ya mahema iende kwa mwenye mahema. Pesa ya ukumbi iende kwenye nambari ya till au ya kulipia bili ya ukumbi huo. Mpishi alipwe kwa simu yake, kwa awamu mlizokubaliana: kiasi cha kushika tarehe, kiasi cha kununua vyakula, na kinachobaki baada ya watu kula. Ikipita hivyo, dada anabaki na kazi yake halisi, ambayo ni kukagua kama mahema ni mazima na kama mpishi ni yule yule aliyepikia harusi ya jirani. Habebi tena nusu milioni kwenye simu inayolala chini ya mto.

Faida ya pili ni ada. Pesa ikija kwa dada, akaenda kwa wakala kuitoa, kisha akampa mpishi ambaye naye anaiweka tena kwenye simu, mmelipia safari ambayo haikuhitajika. Na kutembea na shilingi laki moja kutoka kwa wakala hadi stendi ya boda si jambo tunalomtakia dada wa mtu yeyote.

Kabla ya kubonyeza, soma jina. Mfumo unakuonyesha jina la mwenye nambari. Kama mlikubaliana na mama mmoja wa mapishi na jina linalotokea ni la mwanaume usiyemjua, simama. Huenda ni mumewe au mwanawe. Huenda siyo. Kupiga simu moja ni rahisi kuliko kuomba pesa irudishwe baada ya mpokeaji kuitumia.

Halafu jihadharini na bei ya mgeni. Mtu wa mahema akisikia kwamba anayelipa yuko Marekani, hesabu yake hubadilika ghafla. Kwa hiyo bei ikubaliwe na aliye nyumbani, kwa lugha ya nyumbani, ndipo aliye ng'ambo alipe. Mwenye kujua bei na mwenye pesa wasiwe mtu mmoja, lakini waongee kabla.

Pesa ya mkono isiyoulizwa

Hapa tunataka kuwa wakweli. Ziwani kwetu si kila mtu ana nambari ya till. Ukienda Dunga asubuhi kuchagua ngege na mbuta za wageni, bei inapatikana kwa kuongea, na pengine unamlipa mtu mmoja kwa niaba ya watatu. Wageni wanaotoka Mbita wanavuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, halafu wanahitaji matatu ya kuwafikisha. Mzee mmoja ataomba nauli mkononi. Kijana aliyesimamia jenereta usiku kucha atahitaji chai. Huwezi kumwambia dada alete risiti ya chai.

Na hapa ndipo watu wa majuu, tuseme ukweli, huwa wanakosea. Wengine hugeuza risiti kuwa kamera ya ulinzi. Wanataka picha ya kila kilo ya sukari. Wanapiga simu saa nane usiku za Kisumu kwa sababu kwao bado ni jioni, wakiuliza mbona vitunguu vimefika elfu tatu. Huo si uangalifu, ni matusi kweli, na dada akikasirika ana haki.

Pendekezo letu ni kuweka mpaka. Kubalianeni, kwa mfano, kwamba chochote kinachozidi shilingi 5,000 kinalipwa kwa simu na kinaandikwa. Chini ya hapo kuna fungu dogo, mnalipa jina lolote mnalotaka, ambalo liko mikononi mwa dada na haliulizwi. Likiisha anasema limeisha, linaongezwa au haliongezwi. Kiasi cha fungu hilo kijulikane tangu mwanzo na kiwe kwenye bajeti kama mahema yalivyo. Mtu akipewa nafasi ya kuaminiwa kwa mambo madogo, hataona vibaya kuonyesha yale makubwa.

Aliyebaki naye anachanga

Orodha za michango zina tatizo moja ambalo halisemwi. Zinaandika pesa peke yake. Juu kabisa kuna watu wa Minneapolis, 528,000. Chini kabisa kuna dada, 5,000. Ukisoma orodha hiyo utaamini kwamba harusi ilifanywa na watu wawili waliokuja kwa siku kumi.

Lakini nani alienda kwa padri mara nne? Nani alilipa boda kutoka Kondele hadi Mamboleo kuangalia ukumbi, akakuta umefungwa, akarudi kesho yake? Nani aliweka salio la simu kila siku kuwapigia wajomba ambao hawako kwenye kikundi, kwa sababu mjomba akikosa kuambiwa kwa sauti hatakuja? Nani aliomba ruhusa kazini na kukatwa siku hizo?

Sisi tunasema hayo yaandikwe. Nauli, salio la simu na siku za kazi zilizopotea ziingie kwenye orodha kwa jina la aliyezitoa, hata kama hadai kurudishiwa. Programu ya simu inaweza kukupa taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu. Dada akiifungua ataona mwenyewe ni mara ngapi alimlipa boda na ni kiasi gani cha salio alinunua. Jumla yake huenda ikamshangaza hata yeye. Na yule aliye ng'ambo akiiona, lile swali la "pesa iliendaje" litabadilika kuwa "dada, umekula hasara kiasi hiki na hukusema?"

Kuna methali watu hupenda kuitumia msimu huu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Imegeuzwa kuwa ankara. Mgeni akifika, kila mwenye deni la karo na kila mwenye paa linalovuja anakuja kupona. Lakini hawa wawili si wageni. Ni watoto wa boma hili, na huko walikotoka wanalipa kodi ya nyumba na mikopo ya tiketi kama mtu mwingine yeyote. Ukimfanya mtoto wa nyumbani kuwa mgeni, atakuja kama mgeni: mara chache, na kwa siku chache.

Nambari moja, majina mawili

Michango ya watu wengine, wale wa ofisini, kanisani na chamani, ipite kwenye nambari moja tu inayosimamiwa na watu wawili. Nambari hiyo itangazwe mara moja mwanzoni, ikiwezekana kwa sauti kwenye mkutano, na isibadilike hadi mwisho.

Tunasisitiza hilo kwa sababu walaghai wanajua msimu kama sisi tunavyoujua. Ujumbe wao ni mfupi na wa heshima: "Wapendwa, laini ya mweka hazina ina shida, kwa leo tumeni kwa nambari hii." Aliye Minneapolis, yuko katikati ya zamu, anatuma. Kwa hiyo wekeni sheria ambayo kila mtu kwenye kikundi anaijua: nambari haibadiliki kwa ujumbe. Ikilazimu kubadilika, mweka hazina atapiga simu kwa sauti yake, na mtu wa pili atathibitisha.

Mambo mawili kwa ninyi mnaosafiri. La kwanza, kama laini yako ya Kenya haijatumika kwa muda mrefu, angalia kabla ya safari kama bado ni yako. Laini iliyolala sana inaweza kuchukuliwa na kampuni ya simu na kupewa mtu mwingine. Ukifika na laini iliyokufa, utajikuta unatumia simu ya binamu kwa siku kumi, na miamala yako yote itakuwa na jina lake. La pili, usimpe mtu nambari yako ya siri hata akiwa anakusaidia kwa mapenzi ya dhati. Siku ya harusi kila mtu ana haraka, simu zinapita mkono hadi mkono, na hapo ndipo pesa hupotea kwa urahisi kabisa.

Kwa mweka hazina: ujumbe wa "umepokea" si pesa. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Angalia salio lako kwanza, ndipo uandike jina kwenye orodha.

Kitu ambacho simu isikibebe

Tunauza huduma ya malipo ya simu, lakini kuna malipo ambayo hatutaki yapite kwetu.

Kwa Waluo kuna ayie. Neno lenyewe maana yake ni "nimekubali", na ni pesa anayopewa mama wa msichana kuonyesha kwamba amekubali binti yake aolewe. Watu wameanza kuituma kwa simu. Mume yuko mbali, ndugu wana haraka, mtu anasema, "Si tumtumie tu mama?" Inawezekana. Itafika kwa sekunde tano. Lakini mama wa watu amekaa nyumbani kwake, simu inalia, anasoma nambari na jina la mtu. Hapo amepokea malipo. Hajakubali kitu, kwa sababu hakuna aliyesimama mbele yake kumwomba.

Kama mmevuka bahari kuja harusini, basi hii ndiyo kazi mliyokuja kufanya. Mahema yanaweza kulipwa kutoka Minneapolis. Nyama pia. Kuingia kwenye boma la wakwe na wazee wenu, kukaa, kusalimia, na kumpa mama kitu mkononi, hilo haliwezi. Toeni pesa hiyo kwa wakala siku moja kabla, iwekwe kwenye bahasha safi, na simu zizimwe mlio. Ndugu mteja, ada ya kutoa pesa hiyo haitakuuma.

Hesabu isomwe kabla ya ndege

Familia nyingi husoma hesabu ya harusi baada ya wageni kuondoka, au haziisomi kabisa. Sisi tunaona huo ndio mlango ambao maneno hupitia. Mtu akishafika Marekani, swali dogo linakuwa zito. Linaandikwa, halisemwi, na maandishi hayana uso.

Kwa hiyo tengeni jioni moja, siku mbili au tatu baada ya sherehe, watu wakiwa wamelala vya kutosha. Mweka hazina asome: tuliahidiwa hiki, kilifika hiki kwa bei hii ya dola, tulilipa hawa, fungu dogo lilikuwa hili, kilichobaki ni hiki au tunadaiwa hiki. Mtu wa pili mwenye nambari awe na taarifa yake mkononi. Kama kuna deni la mtu wa viti, ligawanywe hapo hapo wote wakiwa wamekaa. Kama kuna swali, liulizwe dada akiwa anaonekana, na akiwa na simu yake ya kujibu.

Haitachukua saa nzima. Ikiisha, pigeni picha ya karatasi hiyo, itumeni kwenye kikundi, kisha kikundi kifungwe. Kisibaki kikitembea hadi matanga yajayo.

Na kama unasoma haya ukiwa ng'ambo, na harusi yenu ni mwezi wa kumi na mbili, usianze kwa kuuliza bajeti. Mpigie yule aliyebaki, saa ambayo kwake si usiku wa manane, umuulize ameshatoa kiasi gani mfukoni mwake mpaka leo. Mrudishie hicho kwanza.